Boma Si Pambo

Kuna aina ya maandishi iliyoenea mno katika zama zetu, nayo haina mtunzi wala haitaki kuwa naye: orodha ya mambo ya kufanya. Msafiri hutajiwa mji, kisha akahesabiwa vivutio vyake kimoja kimoja mfano wa mtu anayesomewa bei za sokoni. Alfajiri panda mlima wa moto. Adhuhuri oga ufukweni. Jioni keti katika baraza ya jumba la kikoloni, unywe kahawa huku ukitazama jua linavyokuchwa. Maneno haya, "mji wa kikoloni", hutiwa humo kama iliki katika chai, yalete harufu ya zamani bila ya kumkera mnywaji. Koloni lilikuwa la nani? Nani alibeba mawe? Nani alilipa kodi? Orodha haiulizi, na msomaji wake hakuzoezwa kuuliza.

Makala hii inaipinga orodha hiyo. Inaipinga kutoka mahali ambapo pengine msomaji wetu wa visiwani na wa mwambao hakupatarajia: wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, kule ambako Tanzania inapakana na Rwanda na Burundi. Atakayesema kwamba kule hakuna cha kutazama, kwa kuwa hakuna bahari wala mji wa mawe, huyo ndiye khasa tunayetaka kuzungumza naye. Na tunasema mapema, ili pasiwe na mtu wa kudhani kwamba vidole vyote vimeelekezwa Ulaya, kwamba sehemu ya lawama tunaileta nyumbani, kwa watunzi wa mashairi na kwa majarida kama hili.

Tuanze na mfano wa mbali. Nchini Nicaragua, Amerika ya Kati, uko mji uitwao León. Kwa waandishi wa orodha, León ni tunu: upo jirani na safu ya milima ya volkano, bahari ya Pasifiki haiko mbali, na makanisa na majumba yake ni ya enzi za Wahispania. Wageni hupanda mlima wa Cerro Negro, kisha huteremka kwa kuteleza juu ya majivu wakiwa wamekalia kibao, kama watoto wanavyoteleza kwa makuti. Mji wa León wa kwanza, ulioanzishwa mwaka 1524, uliachwa mwaka 1610, na magofu yake yakaingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, mwaka ule ule ulioingizwa Mji Mkongwe wetu wa Unguja. Kwa hiyo sisi na wao ni ndugu wa hati moja.

Lakini León ina kitu ambacho orodha haiwezi kukiruka. Ndani ya kanisa lake kuu amezikwa mshairi Rubén Darío, aliyefariki mjini humo mwezi wa Februari 1916, na juu ya kaburi lake kuna sanamu ya simba mwenye huzuni. Mgeni anaweza kuja kwa ajili ya majivu na mawimbi. Akifika, atakutana na mshairi tu. Watu wa pale waliamua kwamba jina la mtu aliyeitengeneza upya lugha yao lilazwe mahali patukufu kuliko pote mjini. Wakoloni walijenga kanisa, na wenyeji wakamlaza humo mtu wao. Hivi ndivyo mji unavyojinusuru usigeuzwe kadi ya posta.

Tuulize basi: kwetu Afrika Mashariki, ni mji upi unaolingana na ile sifa ya koloni, volkano na ufukwe? Jawabu li wazi. Ni Goma, na mwenzake Gisenyi wa upande wa Rwanda, miji miwili ya ukingoni mwa Ziwa Kivu, chini ya mlima Nyiragongo. Mlima huo uliutapikia mji wa Goma tarehe 17 Januari 2002, uji wa moto ukapita katikati ya mitaa na kuteketeza sehemu kubwa ya mji. Ukatapika tena tarehe 22 Mei 2021. Mwezi wa Julai 1994 Goma ilipokea mamia ya maelfu ya wakimbizi, na kipindupindu kikawaua kwa maelfu. Mwezi wa Januari 2025 mji ukatekwa na waasi wa M23. Katika muda baina ya misiba hii, kila palipotulia kidogo, orodha zilirudi kama nzi: tazama ziwa la moto, lala kileleni, teremka ukaoge.

Watu wa eneo lile wana neno lao, *mazuku*, la kuitia hewa nzito ya sumu inayotoka ardhini na kutuama mabondeni, ikamuua mtoto au mbuzi bila ya kelele. Wanasayansi wa volkano wa duniani kote wamelichukua neno hilo na wanalitumia katika maandishi yao. Yaani Kiswahili cha Goma kimeipa elimu ya dunia istilahi, na huku pwani tunakojiita wenye lugha, wangapi miongoni mwetu wamepata kulisikia? Tulishike neno hili, kwani tutalihitaji mbele. Iko sumu isiyotoka moshi.

Sasa twende kwenye kiini. Orodha ya "mambo ya kufanya" katika eneo lile haikuanza na watalii wa leo. Ina mwasisi, na jina lake linajulikana: Gustav Adolf von Götzen, Mjerumani, ofisa wa jeshi. Mwezi wa Disemba 1893 aliondoka Pangani, mwambao wetu huu huu, na msafara wa wapagazi na askari. Mwezi wa Mei 1894 alifika kwenye maporomoko ya Rusumo, katika nchi ambayo leo ni wilaya ya Ngara, akavuka maji kuingia Rwanda. Akaonana na mfalme wa nchi, akapanda Nyiragongo, akasimama ufukweni mwa Ziwa Kivu, kisha akashika njia ya Kongo hadi bahari ya magharibi. Maporomoko, volkano, ufukwe: ukiisoma safari yake utadhani ni kijitabu cha kampuni ya utalii.

Na baada ya matembezi hayo, ikawaje? Mwaka 1901 mtalii yule alirudi akiwa Gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ni katika utawala wake ndipo vilipozuka Vita vya Maji Maji mwaka 1905, na ndipo mashamba na maghala ya kusini yalipochomwa moto makusudi ili njaa imalize kazi ambayo risasi haikuimaliza. Waliokufa, wengi wao kwa njaa, hukadiriwa kufikia laki mbili na hata laki tatu. Meli tuijuayo kwa jina la *Liemba*, iliyohudumu miaka mingi katika Ziwa Tanganyika, hapo mwanzo ilibatizwa kwa jina lake. Ndio maana tunasema kwamba kutazama si jambo dogo. Yule aliyekuja kutazama mandhari alikuwa anaipima nchi. Macho yalitangulia na bunduki ikafuata.

Na kabla ya Götzen? Mwambao ujitayarishe kusikia, maana hapa tunaingia sisi. Nchi ambayo leo imegawanywa baina ya Biharamulo na Ngara ilijulikana kwa watu wa misafara kwa jina la Usui. Mwaka 1860 Waingereza Speke na Grant waliondoka Unguja kwenda kutafuta chemchemi za mto Nili. Mkuu wa watu wao alikuwa Sidi Mubarak Bombay, mzaliwa wa Uyao aliyeuzwa utumwani angali mdogo na baadaye akafanya Unguja maskani yake. Mwishoni mwa mwaka 1861 msafara ulifika Usui, na mfalme wa nchi, Suwarora, akawazuia mpaka watoe hongo: nguo, shanga na nyaya za shaba.

Speke alilalamika sana kitabuni mwake juu ya hongo hiyo, na malalamiko yake yamekuwa ndiyo historia. Lakini hebu tulitazame neno lenyewe. Leo *hongo* maana yake ni rushwa, jambo la aibu. Katika karne ya 19 ilikuwa ni ushuru wa njia, haki ya mwenye nchi kwa anayepita katika nchi yake, kama vile Sultani wa Unguja alivyotoza ushuru forodhani na hakuna aliyemwita mlarushwa. Suwarora alifanya pale Usui yale ambayo kila dola hufanya mpakani. Wajerumani nao walipokuja na kuitoza kila nyumba kodi, kuanzia mwaka 1898, hilo likaitwa serikali. Chetu kikaitwa hongo na chao kikaitwa kodi. Mshairi anayejua thamani ya neno hawezi kulipita jambo hili akanyamaza.

Wala tusijifanye tulikuwa watazamaji. Njia zile za Usui, Karagwe na Buganda zilipitwa na wafanyabiashara wetu wa pwani na visiwani, wakitafuta pembe za ndovu na watumwa. Waliobeba mizigo ya Wazungu walikuwa waungwana na watumwa wa kwetu. Walioshika bunduki za Wadachi walikuwamo watu wa kwetu. Lugha iliyoandikwa katika vitabu vya kodi ilikuwa ya kwetu. Anayetaka kuilaani orodha ya mgeni, na ajue kwamba aliyemwonesha mgeni njia alitoka Pangani, Bagamoyo na Unguja.

Tufike sasa bomani. Mjini Biharamulo limesimama boma la Wajerumani, la mwanzoni mwa karne ya 20, lenye kuta nene na mahali pa juu pa kulindia. Limekarabatiwa, na limekuwa likilaza wageni. Ndilo linalomfanya mwandishi wa orodha auite Biharamulo "mji wa kikoloni wenye haiba". Waama, jengo ni zuri. Nani angekana? Wahenga walishatwambia kwamba vyaelea vimeundwa, nasi tunaongeza kwamba visimamavyo vimebebwa. Mawe hayapandi ukutani kwa miguu yake.

Boma lilikuwa nini? Katika koloni la Wajerumani boma lilikuwa ndani yake mna ofisi ya bwana mkubwa, kambi ya askari, mahakama, gereza na ghala la kodi. Mtu aliitwa bomani, wala hakwenda kwa kutaka kwake. Huko ndiko alikolala chini akachapwa viboko vilivyohesabiwa kwa Kiarabu, *hamsa ishirini*, hesabu ambayo wazee wa mwambao wote waliijua. Huko ndiko alikopelekwa asiyekuwa na fedha za kodi, akafanyishwa kazi badala yake. Hatusemi kwamba tunayo majina ya waliojenga boma la Biharamulo. Hilo hasa ndilo dai letu. Jina la Kaisari linajulikana, na majina ya waliobeba mawe hayakuandikwa popote ambapo mgeni anaweza kuyasoma.

Kisha mambo yakageuka bila ya mwenyeji kuulizwa. Mwezi wa Juni 1916 majeshi ya Ubelgiji, ambayo askari wake wengi walikuwa Wakongo, yaliingia Biharamulo yakielekea kusini, na mwezi wa Septemba yakaitwaa Tabora. Vita vya Wazungu vilipigwa kwa miguu na mabega ya Waafrika. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam ni ukumbusho wa wapagazi wale. Amani ilipokuja, Waingereza na Wabelgiji walikaa mezani wakaikata nchi. Gisaka, ng'ambo ya Rusumo, ikapewa Uingereza kwa ajili ya ndoto ya reli, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1920 ikarudishwa kwa Rwanda. Bugufi, nchi ya Wahangaza ambayo kabla ya hapo ilihusiana na ufalme wa Burundi, ikabakia Tanganyika. Mtu wa Ngara alilala Mrundi akaamka Mtanganyika, na lugha ya mama yake, ambayo huelewana na Kirundi, ikawa inavuka mpaka kila anapomwamkia jirani.

Haya yote yameandikwa wapi mjini humo, kwa herufi ambazo mtoto wa shule ya msingi anaweza kuzisoma? Iwapo jengo limetunzwa na habari zake hazikutunzwa, basi kilichotunzwa ni haiba ya bwana mkubwa peke yake.

Kutoka Biharamulo twende Rusumo, kwani huko ndiko orodha inakokuwa dhambi. Maporomoko ya Rusumo hayana urefu wa kutisha, kiasi cha mita 15, lakini ni mahali ambapo maji ya Ruvubu na Nyabarongo, yakisha kukutana, hupita kwa kishindo na kuufanya mto Kagera. Juu yake kuna daraja la mpakani. Orodha husema: simama darajani, piga picha. Kwa hakika ni pazuri. Lakini tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa takriban saa 24, daraja lile lilivukwa na watu wapatao 250,000 wakitoka Rwanda. Chini yao mto ulikuwa unachukua maiti. Maiti hizo zilibebwa na Kagera hadi Ziwa Nyanza, wavuvi na wanavijiji wa Uganda wakaziopoa kwa maelfu na kuzizika katika nchi isiyokuwa yao. Ng'ambo ile, katika kanisa la Nyarubuye, watu waliokimbilia nyumba ya Mungu walikuwa wameuawa humo humo siku chache tu kabla. Na miongoni mwa waliovuka daraja walikuwamo walioua, pamoja na maelfu kwa maelfu ya wasiokuwa na hatia; kambi za Ngara ziliwalisha wote kwa kijiko kimoja.

Benaco ikawa kwa muda miongoni mwa kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani. Wilaya ya watu masikini ilijikuta na wageni wengi kuliko wenyeji. Misitu ikakatwa kwa kuni, visima vikakauka, bei zikapanda, na kwa miaka mingi baadaye magari yaliyopita katika mapori ya Biharamulo na Ngara yalisindikizwa na polisi kwa hofu ya majambazi wenye silaha za kivita. Mwisho wa mwaka 1996 Serikali iliwaamuru Wanyarwanda warudi kwao, wakarudi, wengine kwa hiari na wengine kwa kusukumwa. Jambo hili, jema lake na baya lake, ni miongoni mwa mambo makubwa kuliko yote yaliyopata kuitokea Tanzania huru. Ni mtihani wa ule ukarimu ambao sisi hujisifu nao katika kila shairi la mgeni njoo. Ushairi wetu umesema nini juu yake?

Hapa ndipo tunapogeukia nyumbani. Pwani haina ugeni na utenzi wa kutekwa nchi. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi mrefu juu ya Wadachi kuitamalaki Mrima. Abdul Karim bin Jamaliddini alitunga juu ya Vita vya Maji Maji. Mwaka 1901 zilichapwa Ujerumani, kwa Kiswahili, safari za watu wetu walizozisimulia wao wenyewe, miongoni mwao Sleman bin Mwenye Chande aliyesimulia safari yake ya bara. Wasomaji wetu hawa wanajua, basi, kwamba Mswahili alikuwa na maandishi ya safari kabla ya mtalii kuwa na orodha, na kwamba tenzi zilikuwa ndiyo kumbukumbu ya nchi siku ambazo hapakuwa na gazeti. Kwa nini uzi huo ulikatika tulipotoka machoni pa bahari? Uko wapi utenzi wa Rusumo? Nani ametunga juu ya mto uliobeba watu? Tumetunga mangapi juu ya mwezi, mahaba na karafuu, na mizani yetu imetoka sawa, na vina vyetu vimelia vizuri!

Tutajibiwa kwamba watu wa bara watunge ya kwao. Jawabu hilo lina kiburi ndani yake, na wala si la kweli. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, kisiwa cha ziwa lile lile linalopokea maji ya Kagera, alichapisha *Kichomi* mwaka 1974, na wengi wa huku pwani walijishughulisha kuhukumu kama maandishi yake ni mashairi au si mashairi, badala ya kusikiliza alikuwa anasema nini. Kwa miaka mingi tumewahesabia watu wa maziwani mizani, kisha tunashangaa kwamba hawaji mezani petu. Mwenye kupenda vina na mizani, nasi ni katika hao, ana wajibu mkubwa zaidi wa kuonesha kwamba utenzi bado unaweza kubeba msiba. Asipoonesha, basi wale waliosema umekuwa pambo watakuwa wamesema kweli, na utenzi utakuwa na hali moja na boma.

Zipo hoja za upande wa pili, na insafu yatutaka tuzijibu.

Ya kwanza ni hoja ya riziki. Utalii huleta fedha, na orodha huleta watalii. Je, mtu wa Biharamulo hastahili kuuza chai na kukodisha chumba? Anastahili. Mwaka 2019 yaliyokuwa mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa na kufanywa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye zaidi ya kilomita za mraba 4,700. Chato, iliyokuwa zamani sehemu ya wilaya ya Biharamulo, ina mwambao wake wa ziwa, na kisiwa cha Rubondo hakiko mbali. Wageni watakuja tu. Kwa sababu hiyo hiyo ndipo tunaposema sasa, kabla mazoea hayajakauka kama saruji. Sisi wa Unguja tunaweza kuwapa ushahidi: mji wetu ulipata hati ya Urithi wa Dunia, ukapata hoteli na ukapata wageni, na usiku wa kuamkia mwaka 2021 ulikuta sehemu ya Beit al Ajaib imekwisha kuporomoka siku chache nyuma, tarehe 25 Disemba 2020, na kuua watu. Picha za jumba lile zilikuwa zimezunguka dunia nzima. Picha hazishiki ukuta.

Hoja ya pili ni kwamba majengo ya mkoloni ni bora yabomolewe, ikiwa yana aibu kiasi hicho. Hatukubaliani na hilo. Boma likibomolewa, shahidi mmoja amekufa. Tunataka lisimame na liseme. Kuna tofauti kubwa baina ya gereza lililofanywa chumba cha kulala bila ya neno, na gereza ambalo mlangoni pake pameandikwa lilikuwa nini. Mtu na alale humo akipenda, lakini alale akijua.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu. Husemwa kwamba watu wa Ngara wenyewe wamechoka na habari za 1994. Wanataka kujulikana kwa kahawa, kwa ndizi, kwa madini ya nikeli ya Kabanga, kwa mitambo ya umeme ya Rusumo, ya megawati 80, inayogawanywa kwa nchi tatu. Ni haki yao. Hakuna anayetaka wilaya iwe makaburi ya kutembelewa na wenye kiu ya huzuni, kwani hao nao wana orodha zao, na pengine ni wabaya zaidi kuliko wanaotafuta fukwe. Lakini mwenye haki ya kuchoka na habari ni yule aliyeibeba. Sisi ambao hatukuibeba hatuwezi kudai kwamba tumechoka nayo. Na aliyechoka hupumzika kwa kupokelewa mzigo, wala hapumziki kwa kuambiwa kwamba mzigo haukuwapo.

Kwa hiyo nasi tutoe orodha yetu ya mambo ya kufanya. Katika boma la Biharamulo libandikwe bamba kwa Kiswahili, na kwa lugha za wenyeji wa pale, liseme nani alilijenga, kwa kazi ya nani na kwa kodi ya nani, na lisiseme chochote ambacho hakikuthibitishwa. Wazee waulizwe wangali hai walichosikia kwa baba zao, na sauti zao zihifadhiwe. Rusumo pawe na mahali pa kusimama kimya kabla ya mahali pa kupigia picha. Vijana watakaowaongoza wageni wafundishwe Usui pamoja na majina ya wanyama, ili mgeni akiuliza habari za Speke aambiwe na habari za Suwarora. Shule za Pangani zifundishwe kwamba msafara wa Götzen ulianzia pwani yao, kwani njia ina miisho miwili.

Na majarida ya mashairi, likiwamo hili, yafungue kurasa zake kwa watu wa Ngara, Biharamulo, Goma na Bujumbura wanaotunga kwa Kiswahili chao. Tusiwasahihishie lafudhi mpaka kwanza tuwe tumewasikia. Wao wana *mazuku*, sisi hatunalo. Wanajua jinsi hewa isiyoonekana inavyolala mabondeni ikaua, na huenda wao ndio watakaotufundisha kuiita kwa jina ile sumu nyingine isiyotoka moshi, sumu ya uzuri usioulizwa.

Mtalii wa mwaka 1894 aliandika kitabu cha safari yake, kikasomwa kwao. Suwarora hakuandika, wapagazi wa Pangani hawakuandika, na mto hauandiki. Deni hilo wanalo watunzi wa Kiswahili, wa bara na wa pwani. Mwenye kalamu na aanze kulilipa.